Bibo Halitaki Sabuni

Ukimuuliza mtu yeyote wa Mvindeni Kadzo ni nani, hatakwambia ni mjane wa marehemu Tembo, wala hatakwambia ni mama yake Harrison, yule mpishi wa hotelini. Atakwambia, ah, yule mama wa madoa. Kisha atakuelekeza: shika kichochoro hiki, pita kinu cha kusaga, ukiona kamba nne zimejaa nguo za watu na hata moja si ya mwenye nyumba, hapo umefika, piga hodi.

Miaka ishirini na sita Kadzo alifua katika hoteli moja ya ufuoni hapo Diani. Alipostaafu alitangaza kwamba sasa anapumzika, na kweli alipumzika, siku tatu. Siku ya nne jirani alikuja na sare yenye wino, akasema samahani Mama Harrison, najua umepumzika. Wino ukatoka. Jirani akasema, mwingine akasikia, na toka hapo kamba za Kadzo hazikupata kukaa tupu. Garama mlinzi alileta mashati yake ya kazi, walimu wakaleta suruali zao, na watu wa Msambweni wakawa wanatuma mifuko kwa gari, imeandikwa juu "kwa mama wa madoa" na basi, nayo inafika.

Na maringo alikuwa nayo, tusifichane. Akipokea nguo hakuuliza imepatwa na nini. Aliinyanyua kwenye mwanga, akaigeuza, akakwambia yeye: hii ni chai, tena ya maziwa, na aliyeimwaga alikuwa akimtazama mke wa mtu. Damu, alikuwa akisema, ipe maji baridi na chumvi. Ukiipa maji ya moto umeipika, na kilichopikwa hakirudi kuwa kibichi. Manjano usiyasugue, yaanike tu, yanaogopa jua. Mafuta ya samaki yalaze kwanza katika unga wa muhogo, yakishalewa ndipo uyaamshe kwa sabuni. Kutu, ndimu na chumvi. Hakuna doa lisilotoka, alikuwa akisema, kuna watu wasio na subira. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kumrudishia mtu nguo yake akamwambia nimeshindwa. Neno hilo hakuwa nalo kinywani, na watu walilijua hilo, na yeye alijua kwamba wanalijua.

Sasa ndipo uone balaa lake. Tangu masika yaliyopita, Kadzo alikuwa haoni.

Si kipofu, la. Mlango aliuona, na mtu akisimama mlangoni alijua pana mtu. Lakini ilikuwa kana kwamba kuna aliyetundika chandarua mbele ya uso wake akasahau kukiondoa. Mwanzo alidhani ni moshi wa kuni. Kisha akailaumu taa. Mwisho alijua, kwa sababu mama yake mzazi kule Kinango aliingiwa na mtoto wa jicho, akaishia kupapasa kuta mpaka siku alipofariki. Hakumwambia mtu. Harrison angesema, kwa ule upole wake, mama basi sasa pumzika. Na Kadzo alikujua kupumzika kwenyewe: kuketi mkekani ukingoja kuletewa sahani, watu wakipita wakikusalimu kwa makelele kana kwamba na masikio nayo yamekwenda zake. Wakimwondolea madoa, watamwita nani? Alikuwa anaogopa, hilo ndilo neno lake, na hofu ile alikuwa akilala nayo na kuamka nayo.

Akatumia alivyobakiwa navyo. Pua yake ilikuwa nzima na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mafuta aliyajua kwa kuyashika, chumvi kwa ncha ya ulimi, na samaki hakuhitaji kumtafuta. Pale palipomshinda, palikuwa na Viola.

Viola ni mke wa Harrison. Walikutana hotelini, yeye akiwa mapokezi, binti wa Vihiga, mrefu, mchangamfu, anayecheka hata akiwa peke yake. Mkataba wake ulipokwisha msimu wa wageni wachache, akakaa nyumbani na mavyaa yake. Na Kadzo, Mungu amsamehe, hakumpokea vizuri. Siku ya kwanza Viola alipoingia jikoni kupika wali wa nazi, alijikuna vidole pamoja na nazi yenyewe, kisha akamwaga tui la kwanza na la pili chunguni kwa mkupuo mmoja. Kadzo alikwenda nalo hilo mpaka bombani. Alilisimulia kwa mikono na kiuno, wanawake wakashika mbavu. Kufikia jioni lilikuwa limeshafika katika duka la Suleiman pale stendi, ambako habari huwekwa pamoja na mchele, na lilipotoka huko lilikuwa limenenepa: mkaza mwana wa Kadzo anachemsha nazi na kifuu chake. Wahenga wamesema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kadzo hata hakujikwaa; ulimi aliuachia ukakimbia.

Viola alisikia yote. Aliendelea kumwita mama, akaendelea kuamka kabla yake na kumtekea maji.

Basi kila asubuhi Kadzo akawa anampima. Anachukua nguo mfukoni, anaielekeza kwenye mwanga kama zamani, anakunja uso kama mtu anayeona mengi, halafu anamtupia swali. "Haya, mwanafunzi, hili ni doa la nini?"

"Hii ni chai, Mama. Na hapa kwa kola kuna rangi ya midomo."

"Kwenye kola."

"Kwenye kola."

"Umejitahidi," Kadzo anasema, huku akiyaweka yale majibu kichwani yote mawili. Na moyoni anajisifu, anasema, ama kweli ujanja haujazeeka.

Miezi ikaenda hivyo. Watu waliendelea kuja na kusifu. Garama alisema mashati yake yamekuwa meupe kuliko yalipokuwa mapya. Kadzo akawa anajiambia kwamba labda macho hayana kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Palikuwa na mambo madogo madogo ya kumshangaza, sikatai. Vibanio vya nguo alivyoviacha mwisho wa kamba alivikuta katikati. Ndoo aliyoiacha kavu aliikuta ina unyevu. Alisema ni uzee, akaendelea.

Jumatatu moja ya Januari, katikati ya msimu wa mabibo, Suleiman mwenye duka alileta kanzu. Mwanawe wa kwanza alikuwa anaoa Msambweni siku ya Ijumaa, na kanzu ile, nyeupe, ya darizi kifuani, ndiyo atakayoivaa baba mtu mbele ya wakwe.

"Imepatwa na nini?" Kadzo aliuliza, jambo ambalo zamani hakuwa akiuliza.

Suleiman alikohoa. "Mama Harrison, wewe si wa kuambiwa. Utaona mwenyewe." Akaaga upesi, kama mtu mwenye haya yake.

Jumanne asubuhi Kadzo aliishika kanzu ile, na hakuwa na haja ya kumwita mtu. Kwanza ilinukia udi. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, tamu na chachu pamoja, ile inayokujaza mate ukiwa bado hujajua kwa nini. Bibo. Tunda la mkanju, lile jekundu au la manjano linaloning'iniza korosho chini yake. Kadzo alicheka peke yake. Mzee mzima, tajiri wa duka, amesimama chini ya mkanju na kanzu ya harusi anafyonza bibo.

Sasa bibo ni adui mwenye adabu mbaya. Maji yake yakikudondokea huyaoni, ni kama maji matupu. Ukiwa na haraka ukapiga sabuni, ndipo linapoamka: linakuwa la kahawia, na likishakuwa la kahawia limehamia, litaondoka siku nguo itakapokuwa tambara. Bibo linataka maji baridi, ndimu, chumvi kidogo na jua, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, bila sabuni hata ya kunusia. Kila mtu wa Pwani analijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Kadzo akaanza. Jumanne akalipa ndimu na jua, Jumatano akalirudia. Hakumwita Viola kumpima, hakumwambia neno. Hii niliijua mwenyewe, alijisemea, kwa pua yangu. Alifurahi kama msichana. Jumatano baada ya chakula cha mchana akajilaza kidogo, kama kawaida yake, akalala usingizi mzuri.

Alhamisi asubuhi Viola alikuwa kimya mno. Hakucheka, hakuimba. Alisema anakwenda sokoni Ukunda kununua ndimu, akaondoka kabla hajajibiwa. Kadzo akaifuata kanzu kambani kuipa ndimu ya siku ya tatu.

Alipoishika kanzu kifuani alisimama pale pale. Kitambaa kilichokaukia ndimu juani huwa kikakamavu, kinakwaruza kidogo. Hiki kilikuwa laini. Akakileta puani. Hakikunuka udi, wala bibo, wala ndimu. Kilinukia maua. Na Kadzo maisha yake yote hajafulia sabuni ya maua. Yeye ni sabuni ya kipande, basi. Maua yalikuwa ni ile sabuni ya unga anayoipenda Viola.

Akasogea kwenye mwanga, akaileta kanzu usoni mpaka darizi ikamgusa pua. Na Mungu ana mambo yake: lile doa aliliona. Kwa muda wa miezi tisa hakuwa ameona doa hata moja, na sasa lilikuwa mbele yake, la kahawia, limetanda upande wa moyo, upana wa kiganja.

Hasira zikampanda. Nani amemtuma? Nani amemwambia aguse? Akaitupia kanzu begani, akazunguka nyuma ya nyumba akilitafuta beseni la binti huyo, alipige teke. Huko nyuma, baina ya ukuta wa bafu na nguzo ya jiko, uso wake ukagusa nguo yenye unyevu bado. Akapapasa. Palikuwa na kamba, na hiyo kamba yeye hakuifunga. Nguo ya kwanza ilikuwa shati. Alipitisha vidole kwenye mfuko wake akakuta mshono wa kiraka. Lilikuwa shati la Garama, ambalo jana yeye mwenyewe alilifua, akalikausha, akalikunja na kulitia mfukoni tayari kwa mwenyewe. La pili lilikuwa la mwalimu, na lilikuwa limekunjwa jana vile vile. Chini palikuwa na beseni, brashi na ile sabuni ya maua.

Kadzo aliigeuza ndoo akaikalia.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Yeye akijilaza, binti anafungua mifuko na kufua upya. Vile vibanio, ile ndoo, ule weupe wa mashati ya Garama. Sifa zote zile za miezi mingapi sijui hazikuwa zake, na kila asubuhi alipokuwa akimpima mwanafunzi wake, mwanafunzi alikuwa anajua kwamba mwalimu haoni, akajibu taratibu ili mwalimu ashike. Aibu ilimpanda Kadzo mpaka masikioni.

Kisha akakumbuka jambo la Krismasi. Viola alikuwa na mikono iliyopasuka, inatoka damu kwenye viungo vya vidole. Kadzo alimkalisha, akampaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja, huku akimsuta: nyinyi watu wa bara ngozi zenu hazijui maji ya chumvi, ngozi za maparachichi. Binti alicheka sana siku hiyo. Alicheka, akasema ni kweli Mama, akaacha mikono yake pale ipakwe. Hapo hasira zikamwisha Kadzo zote, akabaki na beseni mbele yake na machozi yanamtiririka. Alimpenda mtoto yule. Alikuwa amempenda siku nyingi, na ujinga wake ulikuwa huo, kwamba hakuwa amejiambia.

"Hodi hapa."

Ilikuwa sauti ya Suleiman, na alikuwa ameambiwa aje alasiri. Kadzo akajifuta kwa pembe ya leso, akatoka mbele na kanzu begani.

"Karibu, Suleiman."

"Shikamoo, Mama Harrison."

"Marahaba. Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi, ila nyumba imejaa mashemeji kutoka Vanga, nimelala jikoni. Nimewahi, naona. Tuk-tuk inaningoja hapo nje, nakwenda Msambweni mapema."

Hapakuwa na la kufanya. Kadzo akaitandaza kanzu kwenye benchi. Suleiman aliinama, akainuka, akainama tena.

"Mama Harrison. Hili ni nini?"

Wakati huo huo Viola akaingia kutoka sokoni, kikapu mkononi, akaiona kanzu, akamwona mgeni. Kikapu kikamlegea, ndimu mbili zikabingirika mpaka miguuni pa Suleiman. "Mzee," alisema, na sauti haikuwa yake, "mimi ndiye—"

"Viola," Kadzo alimkata, "peleka ndimu jikoni. Na uangalie chungu kisimwagike."

Chungu chenyewe hakikuwapo motoni, na wote wawili walilijua hilo. Viola alikwenda, lakini hakufika mbali. Kadzo alilisikia pazia la mlango likitulia, na nyuma yake pumzi.

"Ni mimi," Kadzo alimwambia Suleiman. "Nimelipiga sabuni."

Suleiman alimtazama, kisha akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Wewe. Wewe ulipige bibo sabuni. Mama Harrison, mtoto wa miaka sita wa Msambweni anajua bibo halitaki sabuni. Sisi mama yetu alikuwa akituvua mashati msimu mzima, tunakula mabibo vifua wazi kama kuku walionyonyolewa. Hili si kosa lako. Hili hata si kosa la mtu wa Pwani." Akashusha sauti, akaelekeza kidevu kwenye pazia. "Hili ni kosa la mtu wa bara. Ni huyo wako wa tui. Usimfiche, mficha uchi hazai. Watu wote wanamjua, hata nazi ulisema mwenyewe haijui."

Ulisema mwenyewe. Maneno yale Kadzo aliyatambua kama mtu anavyomtambua mbuzi wake katika zizi la jirani. Alikuwa ameyatoa bombani yakiwa membamba, na leo yanarudi nyumbani yamenona, yanataka kummeza binti mzima. Alijua yatakavyokwenda. Suleiman atafika Msambweni, atasema kwa wakwe, kesho kutwa atasema dukani, na kuanzia hapo Viola hatakuwa na jina lingine Mvindeni ila lile la kuharibu kanzu ya harusi. Na yeye Kadzo atabaki na jina lake safi, kama binti alivyokuwa akilifua kila siku mchana.

Uongo wake ulikuwa umekataliwa. Ili ukubaliwe, ulihitaji kushikizwa na ukweli, na ukweli wa kutosha alikuwa nao mmoja tu.

"Suleiman, umevaa shati la rangi gani?"

"Vipi tena?"

"Nakuuliza. Umesimama hatua mbili kutoka nilipo, mchana, na mimi sijui shati lako ni la rangi gani. Nimekujua kwa sauti, na kwa mafuta ya karafuu unayojipaka goti." Akapapasa ukingo wa benchi. "Sioni. Tangu masika sioni. Nimeingiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Uliniambia nitaona mwenyewe, na mimi sikuona kitu. Nikadhani ni mchuzi, nikalipiga sabuni na maji ya moto."

Nyuma ya pazia pumzi ilikatika.

Suleiman alikaa kwenye benchi, karibu aikalie kanzu yenyewe. "Na pua?" aliuliza polepole. "Pua yako ile, Mama Harrison?"

"Nilikuwa na mafua."

"Pole."

"Nimeshapoa." Kisha akalisema, lile neno ambalo hakuwa nalo kinywani, na lilipotoka halikuwa zito kama alivyodhani. "Doa hili limenishinda, Suleiman. Nisamehe. Nimekuharibia kanzu yako."

Suleiman aliisugua ile kahawia kwa kidole gumba kana kwamba itaona haya iondoke. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Mke wangu aliniambia, Suleiman, usiusogelee mkanju na kanzu hiyo. Nikamwambia mimi si mtoto. Nikala mawili, nimeinama hivi, nimechomoza kiuno nyuma kama bata. Nilipoleta nilikuona umekaa hapo na heshima zako, nikaona aibu kusema. Ningesema bibo, yangekuwa mengine."

"Yangekuwa mengine," alisema Kadzo, naye akajifikiria mwenyewe, aliyeinusa akanyamaza ili aone fahari peke yake.

"Harrison anajua? Habari ya macho?"

"Nimekwambia wewe kwanza. Na wewe una duka, kwa hiyo atajua kabla ya jioni."

Suleiman alicheka, na safari hii kicheko kilikuwa chake. "Nitavaa koti juu. Nitalifunga vifungo vyote."

"Januari hii?"

"Januari hii. Nitatokwa na jasho mbele ya wakwe mpaka wadhani nimebadili nia."

"Hilo la jasho niletee. La jasho linatoka."

Aliikunja kanzu yake akaitia kwapani. Mlangoni Kadzo akamshika mkono wa shati, hilo lisilojulikana rangi. "Ukifika dukani ukasema, sema yote. Sema na ile habari ya tui nilitia chumvi. Nilitia nyingi. Binti anapika wali Harrison anaufuata na kijiko mpaka kwenye ukoko."

"Nitasema," alisema Suleiman. "Na marehemu mama yangu walimtoa mtoto wa jicho, alikwenda asubuhi akarudi jioni, siku ya pili akaniambia nimezeeka. Nenda, dada yangu. Usingoje." Akaenda zake, na tuk-tuk ikasikika ikiondoka.

Pazia lilisogea. Viola alisimama pale, na Kadzo hakuhitaji macho kujua kwamba analia.

"Mama, ni mimi niliharibu."

"Najua. Nimenusa maua yako."

"Sasa mbona umemwambia? Mambo ya macho. Hukutaka mtu ajue. Mimi nilijua hutaki, ndiyo maana nikanyamaza."

"Na wewe mbona ulikuwa ukifua mashati ya Garama?"

Viola alivuta kamasi. "Siku moja ulimrudishia mwalimu suruali na bado iko na doa. Akaangalia, akakuangalia wewe, akasema asante. Halafu huko nje nikamsikia anamwambia mtu, huyu mama amekwisha." Alijifuta pua. "Sikutaka waseme hivyo."

"Basi na mimi sikutaka waseme." Kadzo alinyoosha mkono, akaipata mikono ya Viola, akapitisha vidole kwenye mipasuko yake mmoja mmoja. Alitaka kusema maneno makubwa, lakini hayo hakuyazoea, akasema yale aliyoyazoea. "Bibo halitaki sabuni. Sema."

"Bibo halitaki sabuni."

"Linataka nini?"

"Sijui, Mama."

"Maji baridi, ndimu, chumvi kidogo, jua. Siku tatu. Nilipaswa kukwambia juzi. Kaokote zile ndimu, na yale mafuta ya nazi uje nayo."

Viola akaokota ndimu, akaleta na mafuta. Kadzo akampaka mkono wa kulia, akampaka wa kushoto, hakumsuta neno. Alipomaliza alifuta viganja vyake, akatia mkono katika mfuko wa nguo uliokuwa karibu, akatoa blauzi ya mtu. Hakuielekeza kwenye mwanga. Aliielekeza kwa Viola.

"Hili ni doa la nini?"

Viola alijifuta macho kwa mkono wa gauni, akajiweka sawa kama afanyavyo kila asubuhi. "Unanipima, Mama?"

"La," alisema Kadzo. "Leo nauliza."

Viola akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega naye, akaanza kumwambia.